Mashine ya Vifaranga Niliyoifundisha Kunyamaza

Niliiambia mashine ya mama: ukipata tatizo lolote, nyamaza. Niliandika hivyo kwa mikono yangu, nikausoma ule mstari mara ya pili, nikacheka peke yangu kwa raha, halafu nikamwita mdogo wangu Mwajuma aje aone akili inavyofanana. Upuuzi mwingine niliofanya maishani upo, tena mwingi, waulizeni walimu. Lakini huo ndio baba lao. Nauweka hapa mwanzoni ili nyie mnaoshika kazi nyuma yangu mjue mnasomeshwa na nani.

Nyie ni Mwajuma, wa kidato cha pili, na wenzake wa klabu ya kompyuta ambao wamekubali, bila kulazimishwa sana, kuitunza mashine ya kutotolesha vifaranga ya Mama Dulla hapa Chamazi. Mie ndiye Dulla mwenyewe. Nastaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Nimechaguliwa kwenda kidato cha tano, bweni, mkoa wa baridi, simu haziruhusiwi, kwa hiyo mashine ikizingua hamtanipata na msihangaike kunitafuta. Wastaafu wengine wakiandika huanza na vyeo na mishahara. Mie vyeo nilijipa mwenyewe, na mshahara ulikuwa ugali, ambao nilikuwa naupata hata kabla sijaajiriwa. Tuviruke.

Siku yangu ya kwanza kazini nilimkuta bosi amepiga magoti mbele ya friji. Bosi ni mama. Friji ilikuwa mbovu. Fundi mmoja wa Mbagala aliichomoa mtambo wa baridi, akaifungia balbu za njano za kutoa joto, kifeni cha kompyuta iliyokufa cha kusambaza hewa, na trei za mbao za kupanga mayai. Yaani kitu kilichoumbwa kupooza soda sasa kinaangua kuku. Watu wa Chamazi, Mbande mpaka Kongowe wanaleta mayai yao wenyewe, mama anaandika herufi ya mwenye mali kwenye ganda kwa penseli, anayapanga, na baada ya wiki tatu anawarudishia vifaranga. Katikati hapo joto linatakiwa likae palepale, nyuzi thelathini na saba na nusu hivi. Likishuka sana, vifaranga wanafia ndani. Likipanda sana, wanaiva.

Na aliyekuwa analikalisha joto palepale ni mama, kwa mkono. Anafungua, anasoma kipimajoto cha kioo, anazima balbu moja, anafunga, anageuza mboga, anarudi, anawasha balbu moja. Kama mtu anayelea mtoto mchanga mwenye mlango.

"Dulla," akasema siku hiyo, bado kapiga magoti, "si wewe unashinda kwenye kompyuta za shule mpaka mlinzi anakufukuza?"

"Ndiyo mama."

"Basi hii friji ifundishe akili. Mie nataka nikae kitako kama wanawake wenzangu."

Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa anaishi uani kwetu. Sista Upendo ni mpangaji wetu, mtu wa Njombe, anaandika programu za ofisi moja ya mjini na siku nyingi anafanyia kazi chumbani kwake, kavaa vile vya masikioni. Mama kwa muda mrefu aliamini yule binti hana kazi, anasikiliza redio. Yeye ndiye aliyenielekeza kibao gani cha sakiti ninunue Kariakoo, kidogo kama kiberiti, na sensa, kidude cha kupima joto, chenye waya mweusi mrefu. Nikafunga, nikaandika programu yangu ya kwanza, nikamwita aje ashangae. Hakushangaa.

"Unaiuliza sensa mara ngapi?" akaniuliza.

"Muda wote, sista. Haichoki."

"Dogo, programu yako imekaa kama mgeni wa harusi mwenye njaa. Pilau tayari? Pilau tayari? Pilau tayari? Mwambie akae kwenye kiti. Pilau likiiva ataitwa."

Hapo ndo nikajifunza kuandika programu ya matukio, na nawaambia nilisisimka kinoma. Programu inalala. Likitokea jambo, inaamka. Mlango umefunguliwa: jambo. Saa ya ndani imegonga, muda wa kupima joto: jambo. Muda wa kugeuza mayai yasigande upande mmoja: jambo. Maji ya unyevu yamepungua kwenye karai: jambo. Na kila jambo lina kipande chake cha programu kinachoamshwa kulishughulikia. Mie nilikuwa naviita vipande hivyo wahudumu. Mhudumu wa joto, mhudumu wa mlango, mhudumu wa feni. Kila mmoja analala mpaka aitwe, anafanya yake, anarudi kulala. Ajira bora kuliko zote duniani.

Shida ni kwamba kila mhudumu anaweza kufeli. Sensa isijibu, feni igome, injini ya kugeuza trei ikwame. Kwa hiyo ndani ya kila mhudumu nikaandika ukaguzi: jaribu kazi yako, ukishindwa, washa taa nyekundu, andika jina lako na shida yako kwenye skrini ndogo niliyoifunga juu ya friji, halafu ondoka kwa adabu. Mistari kama minane hivi. Kwa mhudumu wa kwanza niliiandika kwa umakini. Wa pili nikainakili kutoka kwa wa kwanza. Wa tatu kutoka kwa wa pili. Mpaka wahudumu wote walipokwisha, ukaguzi ulikuwa mrefu kuliko kazi. Ukitaka kuona mhudumu wa mlango anafanya nini hasa, ulikuwa unapekua ukaguzi kama unatafuta nyama kwenye mchuzi wa bweni.

Na mkinakili, nyie, mtasahau kubadilisha jina. Si labda. Mtasahau. Siku moja mama kafungua mlango wa mashine, kiswichi cha mlango kikagoma, taa nyekundu ikawaka, skrini ikaandika FENI IMEKUFA.

"Dulla! Feni imekufa saa ngapi?"

"Sijui mama, imesema yenyewe."

"Mbona inanipuliza usoni hapa?"

Nikaifungua feni, nikaikagua yote, nikaifunga. Kesho yake FENI IMEKUFA, na feni inavuma kama ina hasira. Nikaifungua tena. Mama akaanza kuniita daktari wa feni mbele ya wateja. Kumbe jina la feni nililinakili likabaki ndani ya mhudumu wa mlango. Nikarekebisha, nikaharibu jingine. Ikafika mahali mama anaona taa nyekundu anasema tu, "Mwongo huyo," anaendelea na vitunguu vyake.

Ndipo likanijia wazo, na lilinijia shuleni, mstarini. Zamani pale shuleni kila mwalimu alikuwa anakagua mashati yamechomekwa mwanzoni mwa kipindi chake. Ukaguzi kila kipindi, na kila mwalimu ana sheria zake. Wa Jiografia alikuwa anafika mpaka kwenye kucha. Baadaye wakaweka kiranja mmoja getini. Ukipita getini, umepita, madarasani watu wanasoma. Nikasimama mstarini mdomo wazi. Kwa nini kila mhudumu abebe ukaguzi wake? Si niandike mlinzi mmoja, na kila mhudumu apite kwake?

Inawezekana! Lugha ya programu niliyokuwa naitumia inaruhusu. Unaandika mlinzi mara moja, halafu juu ya kila mhudumu unaweka mstari mmoja tu wa kusema huyu yuko chini ya mlinzi. Tukio likija, mlinzi analipokea kwanza, anamwita mhudumu, mhudumu akianguka mlinzi anamdaka. Nilifuta mistari ile minane kwa huyu, kwa yule, kwa yule mwingine. Acheni niwaambie, kufuta kuna utamu ambao kuandika hakuna. Mhudumu wa mlango alibaki na mistari mitatu. Ukimsoma unamwelewa kama sms. Nilizunguka uani nikipiga makofi mpaka wewe Mwajuma ukaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Halafu nikafika kwenye swali la mwisho: mlinzi akishamdaka aliyeanguka, afanye nini? Nikafikiria taa nyekundu. Nikafikiria mama anasema mwongo huyo. Nikaandika: nyamaza, endelea.

Mashine ikawa na amani. Wiki nzima hakuna taa nyekundu. Skrini inaandika joto na chini yake neno SAFI. Mama akafurahi, mie nikavimba, wewe Mwajuma ukanipigia saluti, na katikati ya amani hiyo akaja Mzee Chande.

Mzee Chande ni fundi cherehani wa pale njia panda na ni mfugaji wa kuchi, wale kuku warefu wenye shingo kama wanasoma gazeti la mtu wa mbele. Alikuwa na tetea wake anaitwa Sultana, wa ukoo alioutoa Lindi, na hakuwa na mwingine wa ukoo ule. Wiki hiyo bodaboda ilimgonga Sultana. Mzee alikuja kwetu kashika kofia yake kwa mikono miwili, imejaa pumba, na ndani ya pumba mayai tisa.

"Ndiyo aliyoyaacha," akamwambia mama. "Hakuwahi kuyalalia. Haya yakiharibika, Mama Dulla, mie na kuchi wale basi tena."

"Mzee wangu, usiwe na wasiwasi," mama akasema, akanishika bega. "Mashine yangu siku hizi inaongozwa na kompyuta. Huyu hapa ndiye mkubwa wake."

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba, injinia."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniita injinia kabla ya hapo. Ningeweza kuyalalia mwenyewe.

Mayai ya Mzee Chande yalikuwa yamefika kama nusu ya safari siku nilipochomoa chaja ya simu yangu kwa haraka asubuhi, nachelewa shule. Chaja ilikuwa imejisokota na ule waya mweusi wa sensa. Nilisikia kitu kinavutika. Sikugeuka.

Niliporudi mchana nilimkuta mama kasimama mbele ya mashine, mlango wazi, mkono wake mzima uko ndani kati ya trei. Balbu zote zimezima. Skrini inasema 37.6 SAFI.

"Njoo usome hapa," akasema. Alikuwa anaongea taratibu, na mama akiongea taratibu unatafuta mlango.

"Thelathini na saba nukta sita, mama. Safi."

"Sasa weka mkono."

Nikaweka.

"Hiyo kompyuta yako inasema safi," akasema. "Mkono wangu unasema friji imerudi kuwa friji."

Kilichotokea ni hiki, na mkielewe vizuri kwa sababu ndiyo roho ya kazi yote. Waya ulipochomoka, mhudumu wa joto aliamka kama kawaida, akauliza sensa, hakujibiwa, akaanguka. Mlinzi akamdaka. Mlinzi akanyamaza, kama nilivyomfundisha. Skrini ikabaki na joto la mwisho lililosomwa, ambalo lilikuwa zuri, na balbu zikabaki jinsi zilivyokuwa wakati huo, ambapo zilikuwa zimezima. Saa ikigonga, mhudumu anaamka, anaanguka, mlinzi kimya. Anaamka, anaanguka, kimya. Asubuhi nzima. Na kila akitazama mtu, SAFI.

Nilirudisha waya, balbu zikawaka, joto likaanza kupanda pole pole. Nikamwambia mama labda Mzee Chande tusimwambie kwanza, tusubiri tuone.

"Utamwambia," akasema, "tena sasa hivi, na hiyo sare ya shule hivyo hivyo. Mie nilimwambia wewe ni mkubwa wa mashine. Sasa nenda ukawe mkubwa."

Njia panda ni karibu, na siku hiyo ilikuwa karibu zaidi. Mzee Chande alikuwa anapinda suruali ya mtu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona umebeba uso kama wa hitima?"

Nikamweleza. Nilijaribu kueleza habari ya mlinzi na wahudumu, nikaona haisaidii, nikasema tu: "Mayai yalipoa, mzee. Asubuhi nzima. Mashine ilijua, ila mie nilikuwa nimeiambia isiseme."

Cherehani ikasimama.

"Uliiambia isiseme?"

"Ndiyo."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ilikuwa inasumbua."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alivua miwani, akaikunja, akachukua simu yake akawasha tochi kujaribu kama inafanya kazi, akafunga kibanda. Tukaenda nyumbani. Chumba tukakitia giza kwa kanga za mama dirishani, na tukamulika yai moja moja, tochi chini, yai juu. Yai zima likimulikwa linawaka jekundu kama taa ya ndani ya tumbo, na unaona vimishipa vimesambaa kama mizizi. La kwanza, mishipa ipo, hakuna kinachotikisika. La pili vilevile. Mzee Chande alikuwa anapumua kwa pua. La tatu, kitu cheusi kidogo katikati kikajirusha.

"Anacheza!" Mwajuma ukapiga kelele. "Mzee, anacheza!"

"Anacheza, Bi mdogo," akasema, na tochi akampa mama aishike ili amtazame vizuri.

Sita tuliona wanatikisika. Watatu hatukuwa na hakika. Mzee akasema yarudishwe yote. "Ila sasa, injinia," akaniambia mlangoni, "na iseme."

Sista Upendo alikuwa amesikia yote, kuta za uani si kuta. Alinikuta nimeanza kumfuta mlinzi, nataka kurudisha ile mistari minane kwa kila mhudumu.

"We, unafanya nini?"

"Naondoa ujanja, sista. Ujanja ndio ulioniponza."

"Rudisha mkono nyuma. Kuondoa marudio ulifanya sawa kabisa. Kiranja getini ni wazo zuri. Ishu ni kwamba getini umemweka kiranja bubu, halafu kipofu." Akavuta kigoda. "Haya, mlinzi akimdaka mtu, anamjua ni nani?"

"Hapana. Jina lilikuwa linaandikwa na mhudumu mwenyewe."

"Na wewe ndiye ulikuwa unalinakili vibaya. Sasa mlinzi si ndiye anayemwita mhudumu? Kama anamwita, si anamjua jina?"

Nikakaa chini. Mlinzi anajua jina! Hakuna mtu tena wa kuandika FENI ndani ya mlango. Jina linatoka kwa mhudumu mwenyewe, halinakiliwi popote. Nilitamani kumkumbatia, lakini ni mpangaji.

Tukaandika pamoja. Mlinzi akimdaka aliyeanguka, anachukua jina lake na sababu ya kuanguka, anavipeleka vyote mahali pamoja, kipande kimoja tu cha programu ambacho kazi yake ni kupokea mabaya. Hapo ndipo panapoamuliwa kelele. Na joto likikosa kusomwa, neno SAFI linaondoka, namba ya zamani inafutwa, panabaki vistari. Sista Upendo aliniambia jambo ambalo nalirudia kwenu kama lilivyo: "Usionyeshe jibu la jana kwa swali la leo."

Kwa ajili ya kelele nilifunga king'ora cha pikipiki, kile cha kuzuia wezi, chenye milio saba tofauti. Siku ya kwanza kililia karibu kutwa. Mlango ukicheleweshwa kufungwa, kinalia. Sensa ikikosa kujibu mara moja tu, jambo ambalo sensa hufanya bila ubaya wowote, kinalia. Mgeni wa mama alimwaga chai mapajani.

"Abdallah," mama akaniita kwa jina la cheti, "nilisema iseme. Sikusema ibwate."

Sasa shikeni viti vyenu, hapa ndipo panaponisisimua mpaka leo. Zamani, kurekebisha hilo ningeingia kwa kila mhudumu, mmoja mmoja, na ningeharibu angalau wawili. Safari hii nilienda kwa mlinzi peke yake. Nikamwandikia: mtu akianguka, mwinue ajaribu tena, na tena, akianguka mara ya tatu ndipo upeleke habari. Na pale panapopokea mabaya nikaandika kwamba mlango ni taa tu, joto ni king'ora. Sehemu mbili! Wahudumu wote wakabadilika tabia kwa pamoja na wala sikuwagusa. Kwa muda nilikaa tu natazama ile programu kama mtu aliyeoa.

Wiki ya kuangua ilipofika, mayai ya Mzee Chande tukayashusha trei ya chini ambayo haigeuzwi. Jumamosi ile jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa anamtoa mwali. Spika zilipangwa kama makabati, zimeelekezwa kwetu, singeli inapigwa mpaka masufuria jikoni yanagongana yenyewe. Mama alikuwa kule na sare ya kanga. Mwajuma ulikuwa kule. Mie nilikuwa kule, sina haya ya kusema, nachezea magoti.

Katikati ya wimbo ukaingia mlio mpya. Wiuwiuwiu, halafu pipipipi, halafu ule kama bata anayezama. Ulikaa kwenye biti vizuri ajabu. Watu wakapagawa. Mshereheshaji akapiga kelele kwenye kipaza sauti: "Oyaaa! Dijei, king'ora hicho umekitoa wapi? Kirudie hichohicho!" Dijei akainua mikono juu, anajisifu. Nami naapa nilikuwa nacheza, tena kwa fujo, nacheza mlio niliouunganisha kwa mikono yangu mwenyewe.

Mama ndiye aliyesimama. Mkono bado uko hewani na leso.

"Zimeni!" akasema. Hakuna aliyesikia. Akaenda mwenyewe mpaka kwa dijei, akachomoa waya mkubwa kuliko wote aliouona. "Zimeni hilo dude! Huo siyo muziki, hiyo mashine yangu!"

Muziki ukakata. King'ora kikabaki peke yake, kinatoka ndani kwetu.

Nilikimbia. Skrini ilikuwa na vistari, na chini yake: JOTO, SENSA HAIJIBU. Wala sikugusa feni, sikufungua chochote. Maneno yalinipeleka moja kwa moja kwenye ule waya. Zile spika zilikuwa zimeitikisa friji mpaka kichwa cha waya kikalegea. Nikakisukuma, nikakishika kwa vidole viwili, king'ora kikanyamaza, namba ikarudi: 36.9. Ilikuwa imeshuka kidogo tu. Balbu zikawaka zote.

"Mwajuma, lete selotepu! Siachii huu waya!"

Ulipokuwa unatafuta, kukawa kimya. Nusu ya sherehe ilikuwa imejaa mlangoni, wanawake na kanga za sare, mwali mwenyewe na dijei anayetaka kujua nani kachomoa. Ndani ya ukimya huo, kutoka trei ya chini, kitu kikasema pii. Kidogo sana. Kikasema tena. Yai lenye herufi ya Mzee Chande lilikuwa na kitobo, na ndani ya kitobo mdomo.

Mtu akamkimbilia mzee njia panda. Alifika na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, akapasua umati, akachuchumaa. Mie bado nimeshika waya. Kifaranga alisukuma, akapumzika, akasukuma, ganda likafunguka, akaanguka nje amelowa, mbaya wa sura, miguu mirefu kuliko yeye mwenyewe. Wanawake walipiga vigelegele ambavyo mwali hakuwa amevipata tangu asubuhi.

Hadi kesho yake jioni walikuwa sita. Matatu hayakuanguliwa. Tuliyapasua, moja halikuwa na kitu tangu mwanzo, mawili yalikuwa na vifaranga waliokoma kukua katikati. Huenda ni asubuhi ile. Mzee Chande aliwafukia uani kwake, na mie nilishika jembe.

Alipokuja kuwachukua wale sita, na kofia ileile yenye pumba mpya, alimnyanyua yule wa kwanza akamtazama miguu, mbele na nyuma. "Huyu ni jogoo," akasema. "Usiniulize nimejuaje. Na jina nimeshampa. Anaitwa Dulla."

Mwajuma ulicheka mpaka ukakaa chini. Mie nilikuwa nimetoa kifua nje, natafuta la kujibu linalomfaa injinia. Mama akafunga mlango wa mashine, akaubonyeza kuhakikisha umeshika, akageuka.

"Mzee wangu, nakuomba, tafuta jina lingine. Huyu mmoja tu presha inanipanda. Wakiwa wawili mtaa mmoja, nani atanipepea?"